Ndoa Ikivuka Mpaka



Nimeombwa nizungumzie sheria ya ndoa, nami nimechagua kona yake moja ambayo vitabu vingi huipita mbio: hali ya ndoa iliyofungwa mahali pamoja inapofika mahali pengine penye sheria nyingine. Nitaitazama zaidi Marekani. Sababu si kwamba Wamarekani ndio kipimo cha walimwengu. Sababu ni kwamba nchi ile ina majimbo 50, kila jimbo lina sheria yake ya ndoa, na watu wake hawatulii: mtu huzaliwa Ohio, akasoma Illinois, akaoa Nevada, akazeekea Florida. Kwa zaidi ya miaka 200 mahakimu wao wamekuwa wakiulizwa kama mke wa jimbo lile ni mke pia katika jimbo hili. Majibu yao, mazuri na mabaya, ni shule kwa yeyote anayeisoma sheria.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipime nayo. Kukataa kufungisha ndoa ni jambo moja. Kukataa kuitambua ndoa iliyokwisha kufungwa ni jambo jingine, tena zito zaidi. Anayenyimwa kibali cha kuoa anarudi kwao kama alivyokuja, hata kama ana uchungu. Anayekataliwa ndoa yake ananyang'anywa kitu alichokuwa nacho: jina la mke, fungu la mirathi, uhalali wa watoto, pengine hata uhuru wake. Kwa hiyo serikali yenye haki ya kulikataa la kwanza haipati papo hapo haki ya kulikataa la pili. Inapaswa kutoa sababu nyingine, tena yenye nguvu zaidi.

Tuanze na Katiba ya Marekani. Ibara ya nne inayaamuru majimbo yapeane imani na heshima kamili katika sheria, kumbukumbu na hukumu za kila mmoja wao. Ukiisoma haraka utadhani mjadala umekwisha: cheti cha ndoa ni kumbukumbu ya serikali, basi kiheshimiwe. Lakini mahakama hazikuisoma hivyo. Kipengele hicho kimekuwa na meno makali kwenye hukumu za mahakama, kwa kuwa hukumu hutolewa baada ya pande mbili kusikilizwa. Ndoa haina hukumu. Watu wawili huenda kwa padri au kwa msajili, wakasema ndiyo, wakatia saini. Mahakama ya Juu ya Marekani haijapata kuamua kwamba kipengele hicho, peke yake, kinalilazimisha jimbo kuipokea kila ndoa ya jirani.

Ndiyo maana talaka ilisafiri vizuri kuliko ndoa. Mwaka 1931 Nevada ilipunguza muda wa ukaazi unaohitajika kabla ya kuomba talaka hadi wiki sita, na watu wakamiminika huko. Bwana Williams na Bibi Hendrix wa North Carolina, kila mmoja akiwa na ndoa yake, walikwenda Las Vegas mwaka 1940, wakakaa wiki zao sita, wakapata talaka zao, wakaoana wao kwa wao, wakarudi nyumbani. North Carolina iliwashtaki kwa kuishi pamoja ilhali wana wenzi wengine. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu iliona kwamba talaka ya Nevada lazima iheshimiwe. Kesi ikarudi, ikasikilizwa upya, na mwaka 1945 mahakama ile ile ikasema jimbo lina haki ya kuchunguza kama kweli watu hao walihamia Nevada au walipita tu. Hatia yao ikabaki. Hata hukumu, basi, inaweza kuulizwa nyaraka zake inapobisha hodi. Ndoa, isiyo na hukumu nyuma yake, ilibaki kutegemea kanuni za majaji na hisani ya majirani.

Kanuni hiyo ya majaji Wamarekani waliirithi Uingereza, na jaji Joseph Story aliieleza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1834 juu ya mgongano wa sheria: ndoa iliyo halali pale ilipofungwa ni halali kila mahali. Ni kanuni ya busara. Watu hawawezi kuwa mume na mke asubuhi, wakawa wazinzi jioni kwa sababu treni imevuka mto. Lakini ilikuja na milango ya nyuma. Ndoa ya mitala ilikataliwa, na ya maharimu ilikataliwa. Kisha ukaachwa mlango wa tatu, mpana kuliko yote: ndoa yoyote iliyo kinyume cha msimamo wa jimbo kuhusu maadili ya umma. Kupitia mlango huo waliingia wengi waliotaka kuwatoa wengine.

Massachusetts ilitoa jibu la mapema. Sheria yake ilikataza ndoa kati ya mweupe na mweusi. Mume na mke wa rangi mbili walivuka kwenda Rhode Island, wakaoana, wakarudi. Miaka mingi baadaye miji miwili, Medway na Needham, iliburuzana mahakamani. Haikuwa mapenzi yaliyowapeleka huko. Swali lilikuwa ni mji upi ubebe gharama ya kuwatunza mafukara, na jibu lilitegemea kama mke alikuwa mke. Mwaka 1819 mahakama ilisema ndoa ni halali, hata kama wawili hao walivuka mpaka makusudi kuikwepa sheria ya nyumbani. Hoja mojawapo ya jaji ilikuwa ya watoto: ukiifuta ndoa ya wazazi, unawafanya kuwa haramu watoto ambao hawakuvuka mpaka wowote.

Sasa tazameni North Carolina mwaka 1877. Mahakama moja, mwaka mmoja, kesi mbili. Katika kesi ya Ross, mwanamume mweusi mkaazi wa South Carolina alimwoa huko mwanamke mweupe wakati South Carolina ikiruhusu, kisha wakahamia North Carolina. Mahakama ikaitambua ndoa yao, ingawa iliichukia. Katika kesi ya Kennedy, wawili wengine, wakaazi wa North Carolina, walikwenda South Carolina kuoana na wakarudi. Hao ndoa yao ikahesabiwa si kitu. Jirani angewatazama wote wanne na asione tofauti yoyote: rangi zile zile, viapo vile vile, vyeti vya jimbo lile lile. Kilichowatenganisha ni mahali mume alipokuwa akiishi siku ya harusi.

Mwaka uliofuata Virginia ilikwenda mbali zaidi. Andrew Kinney na Mahala Miller waliondoka Virginia mwaka 1874, wakaoana katika jiji la Washington, wakarudi kwao. Mahakama ya rufaa ya Virginia iliamua mwaka 1878 kwamba makazi yao ya kudumu yalikuwa Virginia, kwa hiyo sheria ya Virginia iliwafuata hadi Washington na kurudi nao. Wabunge nao wakaandika katika sheria za jimbo kwamba kutoka nje ya Virginia ili kufunga ndoa ya namna hiyo, kisha kurudi kuishi, ni jinai yenyewe. Kuvuka mpaka kukawa sehemu ya kosa.

Miaka 84 baada ya safari ya Kinney, watu wengine wawili walipita njia ile ile. Richard Loving, fundi wa kujenga, na Mildred Jeter, wa kijiji cha Central Point katika wilaya ya Caroline, walioana Washington mwezi Juni 1958. Mwezi Julai, usiku wa manane, sherifu aliingia chumbani mwao wakiwa wamelala. Cheti cha ndoa kilikuwa kimetundikwa ukutani. Mildred alikionyesha, naye sherifu akajibu kwamba hapa hakina kazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka: karatasi ya Washington haikuweza kumzuia sherifu wa Caroline. Mwezi Januari 1959 walikiri kosa, wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kikasimamishwa kwa miaka 25 kwa sharti kwamba waondoke Virginia na wasirudi pamoja.

Walihamia Washington, mjini, mbali na jamaa zao. Mwaka 1963 Mildred alimwandikia barua Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye akamwelekeza kwa chama cha kutetea haki za raia, ambako mawakili Bernard Cohen na Philip Hirschkop waliichukua kesi. Tarehe 12 Juni 1967 majaji wote tisa, wakiongozwa na Earl Warren, walizifuta sheria za Virginia, na pamoja nazo sheria za majimbo mengine 15 yaliyokuwa bado na marufuku kama hiyo.

Wanafunzi wa sheria wazingatie njia waliyopita majaji hao. Hawakusema kwamba Virginia ilipaswa kuipokea ndoa ya Washington kwa heshima ya ujirani. Walisema kwamba kubagua kwa rangi katika ndoa ni kinyume cha usawa mbele ya sheria, na kwamba kuoa ni haki ya msingi. Kwa maneno mengine, waliacha kuuliza ndoa imetoka wapi wakauliza wenye ndoa ni nani. Akina Loving hawakuokolewa na cheti chao. Waliokolewa na haki zao kama raia, ambazo zilikuwepo hata kabla hawajapanda gari kwenda Washington.

Narudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kesi ya Mississippi ambayo kwangu inaufunua mchezo wote. Mwanamke mweusi na mwanamume mweupe walifunguliwa mashtaka Mississippi miaka ya 1920 kwa kuishi pamoja. Wakaondoka, wakaenda Chicago, wakaoana chini ya sheria ya Illinois, wakaishi huko. Mke akafariki mwaka 1945 akiacha mali Mississippi. Jamaa zake wakadai kwamba mume hana fungu, kwa kuwa Mississippi haiitambui ndoa ya rangi mbili. Mwaka 1948 mahakama kuu ya Mississippi ilimpa mume mirathi yake. Ilieleza kwamba lengo la marufuku lilikuwa kuwazuia watu hao wasiishi pamoja ndani ya Mississippi. Kwa kuwa hawakuishi humo kama mume na mke, na mmoja sasa ni marehemu, hakuna ubaya.

Itafakarini hukumu hiyo. Mississippi ilikuwa tayari kuiheshimu ndoa ya mtu mweusi na mweupe kwa sharti kwamba wasiwepo. Kumbe jimbo lilikuwa na uwezo wa kuiona ndoa hiyo muda wote. Lilichokataa ni kuwaona watu.

Tangu nilipoisoma kesi hiyo nimejizoeza kuuliza swali moja kila ninapokuta ndoa imekataliwa: imekataliwa kwa ajili ya nini? Kwa mirathi? Kwa pensheni? Kwa kuwapeleka watu jela? Ndoa si kitu kimoja mbele ya sheria. Ni mafungu mengi ya haki na wajibu, na jaji mwaminifu analazimika kutaja ni fungu lipi analolinyima na kwa nini.

New York iliwahi kuuliza swali hilo vizuri. Mwaka 1913 mwanamume Myahudi na binti wa dada yake wa upande wa mzazi mmoja walikwenda Rhode Island, ambako sheria iliwaruhusu Wayahudi kufuata mipaka ya udugu ya dini yao. Wakaoana, wakarudi New York, ambako ndoa ya mjomba na mpwa ilikuwa haramu kisheria. Wakaishi pamoja miaka 32, wakapata watoto sita. Mke alipofariki, mmoja wa mabinti alipinga baba asipewe usimamizi wa mirathi, akidai kwamba hakuwa mume halali. Mwaka 1953 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilimkatalia. New York haikusema kwamba kuanzia hapo wajomba waoe wapwa zao. Ilisema tu kwamba familia ya miaka 32 haifutwi kaburini kwa kuwa mpaka wa jimbo ulipita katikati ya harusi yao.

Mlango wa maadili ya umma ulifunguliwa tena mwaka 1996. Safari hii waliolengwa walikuwa watu wa jinsia moja. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sikuja hapa kulijadili hilo, na najua wengi ukumbini mna msimamo wa imani zenu. Ninawaomba mwitazame kesi hii kama wanasheria, kwa sababu ndiyo iliyotoa maelezo mapya zaidi ya kanuni tunayoizungumzia.

Mwezi Septemba 1996 Rais Clinton alitia saini sheria iliyoyaruhusu majimbo kukataa ndoa za jinsia moja kutoka majimbo mengine, na kuizuia serikali ya shirikisho kuzitambua popote. Wakati huo hakukuwa na jimbo hata moja lililokuwa likizifungisha. Bunge lilijenga ukuta kuzuia mafuriko ya mto ambao haujachimbwa. Massachusetts ilipoanza mwaka 2004, serikali yake ilifukua sheria ya mwaka 1913 iliyokataza kuwafungisha ndoa wageni ambao ndoa yao isingekuwa halali kwao. Ilibaki hadi 2008 ilipofutwa.

Kisha ikaja kesi ya Ohio. James Obergefell na John Arthur wa Cincinnati walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 20. Arthur alikuwa akifa kwa ugonjwa unaopoozesha misuli. Ohio isingewafungisha, kwa hiyo mwezi Julai 2013 walipanda ndege ya wagonjwa hadi Maryland, wakafungishwa ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi. Walichokiomba Ohio kilikuwa mstari mmoja katika cheti cha kifo: kwamba marehemu alikuwa na mwenzi wa ndoa, na jina lake. Jimbo likakataa. Arthur alifariki mwezi Oktoba mwaka huo.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ilibeba maswali mawili yaliyotenganishwa waziwazi. Je, jimbo lazima liwafungishe? Na kama si lazima, je, lazima liitambue ndoa iliyofungwa kihalali kwingine? Tarehe 26 Juni 2015 majaji watano dhidi ya wanne walijibu ndiyo kwa yote mawili. Jaji Mkuu John Roberts, aliyekuwa upande wa wachache, alishikilia kwamba Katiba haisemi lolote juu ya jambo hilo na kwamba waachiwe wapiga kura. Mwaka 2022, baada ya mahakama hiyo hiyo kuifuta haki ya kutoa mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba uamuzi wa 2015 nao utazamwe upya. Bunge likaharakisha. Sheria iliyotiwa saini na Rais Biden tarehe 13 Desemba 2022 iliifuta ile ya 1996.

Angalieni sheria hiyo mpya inasema nini na inanyamaza wapi. Hailiamuru jimbo lolote kufungisha ndoa ya jinsia moja. Inaliamuru kila jimbo kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine, bila kujali jinsia, rangi, kabila wala asili ya taifa la wanandoa. Wabunge waliotofautiana kabisa juu ya ndoa yenyewe walikubaliana hapo, kiasi kwamba baadhi ya Warepublican waliipigia kura. Waliiona tofauti niliyoianza nayo: unaweza kukataa kufungua mlango wa kuingilia, bila kuwavunjia watu nyumba waliyokwisha kuijenga.

Nakubali kwamba kuna hoja nzito upande wa pili. Kwanza, kila jimbo likilazimika kupokea kila ndoa, basi jimbo lililolegea kuliko yote ndilo litakalotunga sheria ya nchi nzima. Pili, kuna ndoa ambazo hatupaswi kuzipokea hata kama zina mihuri kumi. Binti wa miaka 14 aliyeozwa kwingine bila ridhaa yake hawezi kuambiwa avumilie kwa kuwa karatasi zake zimekamilika.

Hoja ya kwanza naijibu kwa historia. Mwaka 1912 wanasheria wa Marekani walitunga sheria ya mfano ya kuzuia watu kukimbilia majimbo mengine kuoana. Majimbo machache tu yaliipitisha, na mwaka 1943 waandishi wake wenyewe wakaiondoa. Kwangu, hiyo inaonyesha kwamba kuwafuatilia wanandoa mipakani kunaleta dhuluma nyingi kuliko ulegevu unaozuiwa.

Hoja ya pili naikubali, lakini kwa sharti. Jimbo likatae kutambua pale tu ambapo utambuzi wenyewe ungemuumiza mmoja wa wahusika. Na linapokataa, lifanye hivyo kwa faida ya aliyeumizwa. Yule binti wa miaka 14 awe huru kuondoka siku yoyote, na wakati huo huo awe na haki ya kudai matunzo, na watoto wake wawe halali. Kumwambia kwamba hakuwahi kuwa mke, kisha kumtoa mikono mitupu, ni kumdhulumu mara ya pili.

Mabibi na mabwana, mtaniuliza haya yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya historia yetu. Mwaka 1866 mahakama ya Uingereza ilikataa kuishughulikia ndoa ya Mmormoni iliyofungwa Utah, ikisema ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja kwa maisha yote, bila kuwashirikisha wengine. Fikra hiyo ilivuka bahari pamoja na majaji wa kikoloni. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo huku Afrika Mashariki ya Waingereza, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba ndoa ya kimila si ndoa, kwa hiyo mke hakuwa na kinga ya kutotoa ushahidi dhidi ya mumewe. Mahari ikaitwa ununuzi. Babu na bibi zetu hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliokuja kuwavuka. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, ilipoziweka ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali chini ya paa moja, ilikuwa ikiyarekebisha hayo. Sheria hiyo pia inazitambua ndoa zilizofungwa nje ya nchi zikiwa zimefuata taratibu za huko, na wahusika wakiwa na sifa na hiari.

Njia ya pili ni ya leo. Jamaa zetu wengi wanaishi Marekani, na wenzi wao wako Tanga, Mombasa au Bujumbura. Idara ya uhamiaji ya Marekani nayo huanza na kanuni ya Story: ndoa ilikuwa halali ilikofungwa? Ndiyo sababu ndoa isiyosajiliwa huwasumbua watu miaka mingi. Tena ina vikwazo vyake: mke wa pili hahesabiwi, na ndoa iliyofungwa bwana na bibi wakiwa hawako pamoja, mmoja akiwakilishwa na wakili au akisikika kwa simu, haitambuliwi isipokuwa kama ilitimizwa kwa tendo la ndoa baada ya kufungwa. Mawakili vijana, mkifuatwa na mzazi anayetaka kumwoza binti kwa simu ili asafiri mapema, mwambieni hayo kabla shehe hajaitwa.

Na mtakapokuwa mahakimu, siku itafika atakaposimama mbele yenu mjane mwenye cheti cha nchi nyingine, na ndugu wa marehemu watakaosema kwamba cheti hicho hapa hakina kazi. Msianze kwa kuuliza kama nyinyi mngeifungisha ndoa hiyo. Ulizeni ni nani atakayeumia mkiikataa, ameishi kwa kuiamini kwa muda gani, na anayepinga anafaidika na nini. Sababu za kuikataa zikibaki kuwa chuki, au tamaa ya shamba, ipokeeni.